Kule Tusikokutaja

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mafua hayaniachi, maana kiyoyozi cha ofisi yetu hakina mwenyewe wa kukipunguza na kila anayekaa chini yake anajifunika mtandio. Goti lako vipi? Na baba, amekubali kupimwa macho, au bado anadai magazeti ya siku hizi yanachapwa vibaya? Mwambie betri za redio nimempa dereva wa lori la barafu pamoja na barua hii. Simu sikupigi kwa sababu unayoijua mwenyewe: ukiipokea pale kwenye kibanda cha barafu, wote wanaopima samaki wanajibu pamoja nawe.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya miaka ya kupigwa danadana, serikali imekubali kwamba bahari iliyotunzwa na koo za pwani tangu enzi za mababu ichorewe mstari. Ndani ya mstari hakuna kuchimba, hakuna kutia nanga, hakuna kushusha wavu bila ridhaa ya wenyewe. Nje ya mstari, mwenye kibali ajitwalie. Na nani amekabidhiwa kuchora ufukwe wetu? Mimi, mtoto wa kaka yako, yule uliyekuwa ukimchapa kwa kupoteza ndoo.

Wenzangu wametuma watu wakaulize kwenye fukwe zao. Mimi sikuhitaji. Nilifumba macho nikajiona nimekushika mkono, maji yamekupwa, tunavuka mkondo mdogo mpaka kwenye majani ya bahari, penye lile fungu la mawe. Uliniambia hapa ndipo pweza wanapotaga, hapa hapaguswi, na usimwambie mtu. Ukainua jiwe, pweza akanizungushia mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wangu. Nimechora palepale, Shangazi. Nilipomaliza nililia kidogo. Kijana wa miwani wa meza ya pili akadhani nimepata habari za msiba.

Mkutano wa hadhara ni mwishoni mwa mwezi wa nne. Ninyi mje tu mseme ndiyo.

Mwanao wa ramani


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu lori lilikufa njiani na barafu yote ikawa maji. Dereva alifika amenuna, hataki hata kusalimiwa. Betri tumezipata. Baba yako amefungulia redio sauti mpaka kuku wamehama uani. Macho hajapima. Goti langu ni lilelile, likitaka linanibeba, lisipotaka linaniketisha.

Nimefurahi kwamba kazi hiyo umepewa wewe. Barua nimewasomea wenzangu, wale kina mama wa pweza unaowajua. Wakafurahi. Kisha wakaniomba niisome tena pale penye mawe.

Nina swali dogo. Huo mstari unasogezeka? Usogeze upande jua linakochomoza, kupita mwamba mrefu, na usisogeze kidogo. Kama kusogeza ni shida, basi ufanye mkubwa, uchukue huku na huku. Sababu usiandike. Ukiulizwa sema shangazi yako ndiye kasema.

Usinielewe vibaya. Ulipochora ni pazuri. Kunywa tangawizi, na kiyoyozi kibandikieni karatasi.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tangawizi nimekunywa, mafua yamepona, sasa kinachoniuma ni kichwa, na aliyekiumiza ni wewe. Msalimie baba. Mwambie nimewasikia kuku.

Ofisi hii haisogezi mstari kwa kuwa shangazi wa mtu kasema. Nilimpelekea mkuu wa kitengo ombi lako nikiwa nimelipamba kadiri nilivyoweza. Akauliza swali moja tu: kwa nini? Nikabaki nimesimama pale natafuna kifuniko cha kalamu.

Halafu sikiliza. Upande huo unaoutaka, kupita mwamba mrefu, kampuni ya mchanga imeuombea kibali. Wana meli yenye bomba, linateremka mpaka chini na kunyonya mchanga na chochote kilichomo, wanaupeleka kwenye majengo. Ombi lao lilikuwa halijatangazwa. Sasa ofisini wanasema koo zimenusa harufu ya fidia, kila mmoja anavuta mstari wake kuielekea kampuni. Nikawatetea. Nikasema kwetu hakuna tabia hiyo. Kisha nikaenda chooni nikaisoma barua yako tena.

Niambie ukweli. Kuna mtu amekuja kuzungumza nanyi? Mmeahidiwa kitu? Kama siyo hivyo, nipe sababu niiandike. Mimi kule nilifika kwa miguu yangu mwenyewe. Usinizungumzie kama mgeni.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ingawa nyumba ina baridi tangu juzi, mimi na baba yako hatusemezani. Chakula namwekea, anakula, sahani anairudisha kimya. Ndugu yangu nimemjua tangu anatambaa na leo ananipita mlangoni kana kwamba tumekutana benki.

Kampuni haijaja kwangu, na ikija itanikuta na ndoo ya maji machafu. Swali lako limenichoma, lakini naliacha lipite, maana sikukupa la kushika.

Mkutano ulikuwa katika kibanda cha barafu, kwa kuwa ndicho chenye kivuli cha kutosha watu wote. Mizani ikasogezwa pembeni, ramani yako ikabandikwa ukutani kwa gundi. Ni nzuri, nikiri. Maji umeyatia rangi yake hasa. Yule kijana wa miwani akatuuliza: hii ndiyo bahari ya mababu zenu? Nikasema bahari ni hiyo ila mstari haupo mahali pake. Akasema basi mama njoo uweke kidole pale panapostahili. Nikasema kidole siweki, panueni. Akasema kupanua mpaka wapi? Nikasema mpaka mtosheke. Watu wakacheka. Mwanasheria wa kampuni alikuwa amekaa kwenye kreti la samaki na suruali yake nyeupe, akacheka kuliko wote.

Ndipo baba yako akasimama. Hakuna aliyemwita. Akasema mwanangu ndiye aliyechora, na amechora sawasawa, kule ni kwenye majani, penye mawe, nilipelekwa na mama yangu mzazi na niko tayari kuapa. Akaapa. Mwanasheria akaomba iandikwe neno kwa neno. Wenzangu wakaniangalia, nami nikaangalia miguu yangu.

Mambo mengine hayaandikwi. Panueni mstari.

Shangazi yako


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Taarifa ya mkutano imefika mezani kwa mkuu kabla ya barua yako, na ameisoma kwa sauti mbele ya kitengo kizima. "Mpaka mtosheke." Imekuwa wimbo. Mtu akiniuliza chai ijazwe mpaka wapi, wengine wanajibu.

Umenivua nguo mbele za watu, Shangazi. Nimepigania dawati hili. Kila walipotaka kumpa mtu mwingine ufukwe ule nilisema hapana, mimi ndiye mwenye kupajua. Kisha baba yangu anasema nimepatia, shangazi yangu anasema nimekosea, na hakuna anayeniambia nimekosea wapi. Unataka nipigane vita ambayo wewe mwenyewe hutaki kusema ni ya nini.

Uamuzi utatolewa mwishoni mwa Juni. Baada ya hapo kampuni inapewa karatasi yake, na mstari hausogei tena hata ungeusukuma kwa mabega. Ukiwa na la kusema, liseme. Ukiwa huna, niache nifanye kazi yangu.

Mimi


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ulinirushia kama mtu anayemrushia mbwa mfupa. Nimeipokea hivyohivyo.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza kukaa na wenzangu. Tumekaa nyuma ya kibanda, tumegombana, mmoja kaondoka, karudi. Wamenipa ruhusa. Ukishasoma, barua hii ichane.

Hapo ulipochora sipo. Hukuwahi kufika kule.

Kabla hujazaliwa tulikuwa na sehemu nyingine mbili kama hiyo. Watoto wakazisema shuleni, wakwe wakazisema makwao, wakaja wazamiaji wenye mitungi ya hewa wakazisafisha, pweza na mayai yake. Mpaka leo hakuna kitu, mawe matupu. Ilipobaki moja, mama yangu akaamua. Akachagua pale kwenye majani, ambapo chini ni tope na hapana maana, akapanga mawe kwa mkono wake. Tangu siku hiyo kila mtoto wa nyumba hii, kila mkwe na kila mwanamume anapelekwa pale na kuambiwa hapa ndipo, na usiseme. Akisema, anakuwa amesema tope. Msichana akikua, tukaona ana kifua cha kuhifadhi neno, ndipo anapelekwa kule kwenyewe. Baba yako ana mvi kichwa kizima na bado ni mtu wa kwenye majani. Ndiyo maana aliapa kwa nguvu zile, maskini. Sijui nitamwambiaje.

Wewe ulikwenda shule ya bweni kabla ya wakati wako. Nikasema akirudi likizo. Ukarudi na vitabu, unasoma mpaka mezani. Nikasema akimaliza chuo. Ukapata kazi. Tangu hapo unakuja kwa misiba, unafika jioni na kuondoka asubuhi, na msibani hakuna anayemchukua mtu kumpeleka baharini. Miaka ikaenda. Sikukunyima. Nilikuwa nakusubiri.

Na pweza yule aliyekushika mkono nilimtia mimi chini ya jiwe asubuhi ile, nilimbeba kutoka kwingine. Mama yangu alinifanyia vivyo hivyo. Kila nilipotaka kukuandikia haya niliona ulivyolia juu ya hiyo ramani, kalamu ikanishinda.

Kule kwenyewe ni ndani ya eneo lile wanalotaka kulinyonya, katikati kabisa. Zaidi ya hapo siandiki, wala kwako. Nenda kwa mkubwa wako, sema lolote, mstari upanuke. Wewe ni mtu wa ofisi, unajua maneno yao.

Shangazi yako


24 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba ameniandikia mistari miwili anauliza kuna nini kati yetu. Nimemjibu kwamba ni mambo ya kazi. Mwambie wewe, si mimi, na umwambie akiwa ameshiba.

Barua yako nimeichana kama ulivyosema. Zangu za kukujibu nimezichana pia, zilikuwa nyingi. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Nimekasirika, Shangazi, na sitajifanya sijakasirika. Maisha yangu yote mjini, watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nilikuwa na mahali pangu moyoni ambapo wao hawapajui. Kumbe mimi ndiye sikupajua. Mmenipeleka mnakopeleka wakwe. Najua kwa nini mlifanya hivyo, nimeelewa kila neno, ningekuwa mimi labda ningefanya hivyohivyo. Lakini kuelewa hakujanipunguzia kitu.

Nimefanya nilichoweza. Maneno ya ofisi unayosema ninayajua hayakufaa, kwa hiyo nimesema kweli, nusu yake. Nilimwendea mkuu nikamwambia mstari ule nimeuchora kwa kumbukumbu ya utoto bila kuuliza mtu, kumbukumbu si sahihi, na wanaojua ni kina mama wa pale. Akasema ningekuwa nimetuma mtu kuuliza kama wenzangu, yasingefika hapa. Akasema pia kwamba mtu hachori bahari ya shangazi yake. Nimeondolewa. Niko dawati la maghala sasa, nachora milango ya kupakulia mizigo. Ufukwe wetu amepewa kijana wa miwani.

Uamuzi umesimamishwa, hilo tumepata. Lakini kwa sharti. Hawapanui mstari kwa maneno. Bamvua la Julai, maji yatakapokupwa sana, watakuja na mzamiaji wa serikali, na kwa sheria yao kampuni nayo ina haki ya kuwa na mtu kwenye boti. Mtawaonyesha, mzamiaji atazama, atakachokiona ndicho kitakachoandikwa. Msipoonyesha, kibali kinatoka wiki hiyohiyo.

Niliomba nije nao. Nimekatazwa kwa maandishi, kwa kuwa ni ndugu. Nikaomba likizo nije kabla yao, wakaniambia maghala kwanza.

Nilikuwa nataka kukuomba kitu kimoja tu, unipeleke mimi kabla ya wengine. Siwezi kukuomba tena. Waonyeshe. Hata yule wa suruali nyeupe, mwonyeshe.

Mwanao


22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako nimemwambia. Akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na redio ameizima. Jioni akaniuliza, "Hata mama?" Nikasema hasa mama. Akacheka mpaka akakohoa, ndipo nikajua tumepatana. Kesho yake akaenda kupima macho mwenyewe, anasema kama alidanganywa hilo huenda na mengine hayaoni vizuri.

Wamekuja. Boti yao ina injini mbili na kelele za injini nne. Kijana wa miwani alitapika tangu mkondo mdogo. Mzamiaji ni mwanamke, hilo hukuniambia, mfupi, haongei. Na yule wa kampuni alikuwepo, safari hii suruali ya kaki, na simu mkononi inayojua kila mahali ulipo.

Tulitangulia sisi kwa mtumbwi. Tulipofika kwenye majani nikawaambia wenzangu tusimame. Nilisimama pale, mwanangu. Wale nyuma yetu wanauliza, ni hapa mama? Nilikuwa na neno "ndiyo" mdomoni, limeshaiva. Ni neno ambalo nimelisema maisha yangu yote, nimewaambia watu niliowapenda kuliko hao. Ningelisema, mzamiaji angezama akaona tope, wangeandika tope, na kule kungebaki ni kwetu mpaka siku meli itakapofika. Nikatukana tusi ambalo sitaliandika, nikapiga kasia.

Mzamiaji alikaa chini muda mrefu. Alipotoka hakusema na wao, alisema na mimi. Akaniuliza ni nani anayepatunza. Nikamwonyesha hawa wazee wenzangu wenye magoti mabovu. Akasema hajawahi kuona pweza wamelalia mayai kwa wingi hivyo mahali pamoja, kila shimo lina mama yake, hata aliyemsogelea na taa hakuondoka. Akaandika palepale akiwa bado analowanisha karatasi. Yule wa kampuni akabonyeza simu yake. Kijana wa miwani akaniambia hongera mama, mstari utawekwa huku. Nikamwambia asante. Nilivyofika nyumbani nililala mchana kweupe na viatu.

Sasa wanajua. Siku tatu baada yao tumekuta boti nisiyoijua imesimama juu ya kule, watu wanatazama chini. Tukawapigia makelele wakaondoka. Mchana sasa tunapokezana kukaa pale, hadharani, na mwavuli. Bahari yetu imehifadhiwa na hatulali vizuri kama zamani. Usinijibu kwamba hilo ndilo tulilotaka, ninajua.

Kinachoniuma ni kingine. Mtu wa suruali amefika kabla yako. Ulikuwa mezani unachora milango. Uliyeondolewa kazini kwako kwa ajili ya kule ndiye wa nyumba hii pekee, kati ya wanawake wazima, ambaye hajafika kule, na nilipokuwa napiga kasia nilikuwa nalifikiria hilo peke yake.

Ramani yao itatoka, na ofisi ni yako, utaweza kuitazama siku yoyote. Nakuomba usiitazame. Sikupi amri, umeshakuwa mtu mzima. Nakuomba.

Shangazi yako


9 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu macho ya baba. Mwambie miwani achague mwenyewe, asimwachie daktari. Mimi ni mzima. Maghala hayaishi, kila nikimaliza moja wanataka mlango mpana zaidi.

Likizo wamenikatalia tena. Nimeomba mara ya tatu, na safari hii sikuandika sababu. Mkuu kaniuliza kwa nini, nikamwambia shangazi yangu kasema. Hakucheka, ila karatasi ameibakiza mezani kwake, hajairudisha. Ikisainiwa ninapanda lori la barafu siku hiyohiyo, hata kama nitakaa juu ya barafu.

Ramani imetoka. Kijana wa miwani ameibandika kwenye korido, juu ya mtungi wa maji ya kunywa, kubwa kama mlango. Watu wanasimama pale na vikombe wanaitazama. Mfagizi ameiona. Wakandarasi wanaokuja kwa ajili ya maghala wameiona, mmoja akaweka kidole na kuuliza hapa ni wapi, akaambiwa. Nilikuwa nyuma yake. Niliziba masikio, Shangazi, mtu mzima nimeshika masikio katikati ya korido.

Njia nyingine ya kufika dawati langu hakuna. Kila asubuhi napita pale nimegeuzia uso dirishani. Mkuu ameniuliza shingo imepatwa na nini. Nimemwambia nililala vibaya.

Mwanao